Damu Nayo Ina Saa Yake

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya wauguzi, madaktari na familia za watu walioumia ubongo. Naiweka yote kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, hamtazikosa sana.

Ndugu zangu, madaktari wenzangu, wauguzi mnaotubeba sisi madaktari mgongoni bila kusema, na ninyi akina mama, akina baba na vijana mliofika kwa sababu nyumbani kuna mtu aliyeumia kichwa: asanteni kwa kuja.

Nianze na swali. Ukivunjika mkono, unauonyesha. Watu wanaona bandeji, wanakupisha mlangoni, wanakubebea mzigo. Ukiumia ubongo unaonyesha nini? Unatembea, unaongea, unavaa shati lako mwenyewe. Halafu unasahau jina la mtoto wako. Nani atakuamini?

Nimeombwa nizungumzie vipimo vya damu vinavyotuambia ubongo umeumia kiasi gani, na vinavyojaribu kubashiri nani atapona. Waandaaji wamenipa dakika arobaini na wameniomba nisitumie maneno magumu. Dakika nitajitahidi. Maneno tutasaidiana.

Kwanza, kwa nini damu? Si tuna macho? Si tuna picha?

Tunavyo vyote viwili, na sivibezi. Mwaka 1974 madaktari wawili wa mji wa Glasgow, Graham Teasdale na Bryan Jennett, walitupa kipimo ambacho kila muuguzi humu ndani anaweza kukisoma akiwa usingizini. Anafumbua macho? Anajibu nini? Ukimwambia ainue mkono, anauinua? Jumla ndogo kabisa ni 3, kubwa kabisa ni 15. Hakihitaji umeme, hakihitaji mashine, na bado kinatumika dunia nzima. Lakini mwulizeni muuguzi yeyote: mtu aliyelewa utampa alama ngapi? Aliyepewa dawa za usingizi na ana mpira kooni? Mzee ambaye hata kabla ya kuanguka alikuwa akisahau siku ya wiki?

Picha nazo zina hadithi yake. Tarehe 1 Oktoba 1971, katika hospitali ya Atkinson Morley jijini London, mashine aliyoibuni Godfrey Hounsfield ilipiga kichwa cha mgonjwa wa kwanza picha ya CT, yaani picha ya mionzi inayoonyesha ndani ya fuvu. Kabla ya hapo, kuona yaliyomo ndani ya fuvu la mtu aliye hai kulimaanisha kumwingizia hewa kwenye maji ya ubongo, au kumpiga sindano ya dawa kwenye mishipa ya shingo. Kwa hiyo mkinisikia naisema vibaya CT leo, jueni kwamba naisema kama mtu anavyomsema ndugu yake. CT inaona damu iliyovuja. Inaona mfupa uliopasuka. Kwa daktari wa upasuaji anayetaka kujua kama afungue fuvu sasa hivi au asubiri, hakuna kinachoishinda.

Lakini haioni kila kitu, na haimfikii kila mtu kwa wakati.

Machi 2009 mwigizaji Natasha Richardson alianguka akijifunza kuteleza kwenye theluji huko Mont Tremblant, Kanada. Aliinuka, akaongea, akasema yuko salama. Gari la wagonjwa lililoitwa mwanzo lilirudishwa. Siku mbili baadaye alifariki. Uchunguzi ulikuta damu imevuja kati ya fuvu na utando unaofunika ubongo. Katika lugha yetu ya wodini, mgonjwa wa aina hii ni yule "aliyeongea kisha akafa". Je, kipimo cha damu kingemwokoa? Sisemi hivyo. Hakuna kipimo kinachomsaidia mtu ambaye hajafika kwenye kipimo. Namtaja kwa sababu moja tu: mtu anaweza kupata alama 15 kati ya 15 za Glasgow na bado ndani ya fuvu mambo yakawa yanaharibika. Jicho halikuona. Tunataka kitu cha kulisaidia jicho.

Sasa twende kwenye damu yenyewe.

Fikirini nyumba iliyobomoka usiku, nanyi hamruhusiwi kuingia. Milango imefungwa. Mnasimama chini, kwenye mfereji unaotoka nyuma ya nyumba, mnatazama maji yanateremsha nini. Yakileta vipande vya plasta, mnajua ukuta umepasuka. Yakileta vigae, mnajua paa limekwenda. Yakileta vipande vya nondo, basi mnatazamana kimya, kwa sababu nondo haitoki mpaka nguzo yenyewe iwe imevunjika.

Damu ndiyo mfereji wetu. Ubongo umejengewa kizuizi kinachoutenga na damu, na siku za kawaida protini zake hukaa ndani. Ukipigwa, seli zinapasuka, kizuizi kinavuja, na vitu vilivyokuwa ndani vinajikuta vinaelea kwenye mshipa wa mkono, mahali ambapo muuguzi anaweza kuvichota kwa sindano.

Plasta tunaiita GFAP. Inatoka kwenye astrosaiti, zile seli zinazozishika na kuzilisha seli za neva. Vigae ni UCH-L1, inayotoka kwenye miili ya seli za neva zenyewe. Kazi yake humo ni kusaidia kusafisha protini zilizochakaa, kwa hiyo mwiteni fundi wa taka. Na nondo ni NfL, protini inayozipa uimara nyuzi ndefu zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine. Kichwa kikizungushwa kwa nguvu, kama kwenye ajali ya gari, nyuzi hizo hunyooshwa na kukatika, mara nyingi pasipo tone la damu ambalo CT ingeliona. Majina mengine mawili mtayasikia tukiendelea, S100B na NSE. Mkiyasahau yote mkienda nyumbani, sitakasirika. Mkumbuke mfereji.

Tatizo la mfereji huu ni kwamba maji ni mengi na vipande ni vidogo mno. Kuna kipimo cha GFAP, nitakieleza baadaye, ambacho mpaka wake uliwekwa kwenye pikogramu 22 katika mililita moja. Pikogramu ni nini? Chukua gramu moja, chumvi kidogo kwenye ncha ya kijiko, igawe mara trilioni moja. Kipande kimoja. Hicho ndicho tunachokitafuta ndani ya damu ya mtu.

Ndiyo maana zamani hatukuwa tunachota kwenye mkono. Tulichota mgongoni. Mwaka 2006 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya mabondia 14 wa ridhaa waliokubali kuchomwa sindano ya uti wa mgongo siku chache baada ya pambano, na tena baada ya miezi mitatu ya kupumzika. Mabondia, jamani! Watu wanaokubali kupigwa ngumi, halafu wakakubali na sindano ya mgongo. Nawavulia kofia. NfL kwenye maji ya uti wa mgongo ilikuwa imepanda takriban mara nne kuliko baada ya mapumziko, na zaidi kwa waliopigwa ngumi nyingi kichwani. Walipopumzika ikashuka. Somo lilikuwa wazi, ila nani atakubali kuchomwa mgongoni kila akijigonga kichwa? Ilibidi mashine zijifunze kuona vipande vidogo zaidi, na katika miaka kumi na mitano iliyopita zimejifunza. Leo NfL tunaisoma kwenye damu ya mkono.

Sasa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea mimi mwenyewe.

Kila protini ina saa yake. Narudia. Kila protini ina saa yake.

S100B ni ya haraka: inapanda mara moja, na baada ya saa chache tu inakuwa imekwisha kushuka. UCH-L1 hufika kileleni kama saa nane baada ya kuumia, kisha huporomoka. GFAP huonekana ndani ya saa ya kwanza, hupanda taratibu mpaka kama saa ishirini, na siku ya tatu bado unaweza kuikuta. NfL haina haraka hata kidogo. Inapanda kwa siku na wiki, na inaweza kubaki juu kwa miezi. Kwa hiyo mtu akiniletea karatasi ya maabara na kuniuliza, "Daktari, hii namba ni nzuri au mbaya?", namjibu kwa swali: sindano ilichomwa saa ngapi, na aliumia saa ngapi?

Nilikuwa daktari kijana, zamu ya usiku. Analetwa mwanamume wa makamo. Majirani wamemkuta amekaa chini ya ngazi za nyumba yake, ana nundu kisogoni. Anaongea. Anatabasamu. Anaomba radhi kwa kutusumbua. Hospitali ile tulikuwa na kipimo cha S100B, na utaratibu wetu ulifuata mwongozo unaotoka Skandinavia: ukikichukua ndani ya saa sita tangu mtu aumie, na kikawa chini ya mikrogramu 0.10 kwa lita, mgonjwa wa jeraha dogo anaweza kwenda nyumbani bila CT. Nikaandika saa ya kuumia. Nikaandika ipi? Ile aliyofika mlangoni. Kwa nini? Kwa sababu fomu ilikuwa na nafasi tupu, na mimi nilikuwa na wagonjwa wengine tisa wanaosubiri.

Namba ikarudi. Ilikuwa chini ya mpaka, kidogo tu. Nikachukua kalamu nimwandikie ruhusa.

Muuguzi aliyekuwa zamu nami, mama mtu mzima, mtu wa maneno machache, akaniambia: "Daktari, huyu ameniuliza mara tatu kama mlango wake umefungwa." Nikamwambia ana wasiwasi tu. Akasema: "Mara tatu, daktari. Kwa maneno yale yale."

Tukampigia simu binti yake. Binti akasema alizungumza na baba yake mchana, na baba alimwambia amejikwaa kwenye ngazi. Mchana! Zilikuwa zimepita zaidi ya saa kumi. S100B yake ilikuwa imekuja na kuondoka, mimi nikasoma mkia wake nikadhani ndiyo nyoka mzima. Tukampiga CT. Kulikuwa na damu chini ya utando. Alifanyiwa upasuaji kabla ya alfajiri, na alipona vizuri kiasi cha kurudi kunilalamikia kuhusu kovu.

Kosa halikuwa la mashine. Mashine ilipima sawasawa. Namba ilikuwa ya kweli, na maana niliyoipa ilikuwa ya uongo. Tangu usiku ule naiogopa nafasi tupu kwenye fomu kuliko ninavyoiogopa damu.

Haya. Tumeelewana kuhusu saa. Kipimo hiki kimeruhusiwa kufanya kazi gani hasa?

Februari 2018 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu kipimo cha kwanza cha damu kinachosoma GFAP na UCH-L1 kwa pamoja, kwa watu wazima wanaodhaniwa kuwa na jeraha dogo la ubongo, damu ikichotwa ndani ya saa 12. Dogo kwa maana ya Glasgow 13 hadi 15. Na kazi kiliyopewa ni nyembamba mno: kusaidia kuamua nani hahitaji CT. Basi. Hakikuruhusiwa kumwambia mtu "una mtikiso wa ubongo" wala "huna". Nalisema hili kwa sauti kwa sababu nimeona matangazo yanayolisema vingine.

Utafiti uliokifungulia mlango ulihusisha watu 1,959 walioumia kichwa na kupigwa CT. Hebu tuhesabu pamoja, si kazi ngumu. Kati yao, 125 tu ndio waliokuwa na jeraha linaloonekana kwenye picha. Mmeona? Watu zaidi ya 1,800 walipita kwenye mionzi na picha ikawa safi. Kipimo cha damu kiliwaambia watu 671, "ninyi hamna kitu." Kati ya hao 671, kiliwakosea watatu. Watatu. Kwa kipimo cha kuondoa shaka, hiyo ni kazi nzuri sana, ingawa ukiwa wewe ni mmoja wa wale watatu hutaniambia ni nzuri.

Lakini geuzeni karatasi upande wa pili. Waliobaki, 1,288, waliambiwa na damu kwamba huenda kuna kitu. Wenye kitu kwenye CT walikuwa 122. Maana yake, zaidi ya watu tisa katika kila kumi walioambiwa "huenda" picha yao ilikuwa safi. Dalili ya mvua ni mawingu, sawa, lakini hapa mawingu tisa yanapita bila tone. Kwa hiyo ukiambiwa kipimo chako kimekuwa chanya, usianze kulia. Umeambiwa nenda kapige picha.

Tangu 2024 kuna kifaa cha kushika mkononi kinachosoma damu nzima, bila kwanza kuizungusha kwenye mashine ya kutenganisha, na kinajibu kwa takriban dakika 15, mradi saa 24 hazijapita tangu kuumia. Mtu wa maabara akiwa mbali, hilo ni jambo kubwa. Sitalisemea zaidi, wauzaji wanalisemea vya kutosha.

Ninachotaka kukisemea ni wale "mawingu yasiyo na mvua". Je, wote walikuwa wazima?

Watafiti wa Marekani wa mradi uitwao TRACK-TBI walichukua watu 450 walioumia kichwa na CT zao zikawa safi kabisa. Wakawapiga picha nyingine, MRI, ambayo inaona vitu vidogo zaidi. Asilimia 27 walikuwa na majeraha. Na GFAP yao, iliyochotwa mapema, ilikuwa juu kuliko ya wale ambao MRI ilikuwa safi. Kwa maneno mengine, wakati mwingine damu haikukosea. Picha ndiyo iliyokuwa haioni.

Nina mgonjwa, mwalimu, ameniruhusu nimseme bila kumtaja. Alipata ajali ya gari. CT safi. Akaambiwa, "Picha yako haina kitu, nenda kapumzike." Akapumzika. Wiki ya tatu akasimama mbele ya darasa, akaanza sentensi na hakuweza kuimaliza. Mwangaza unamuumiza. Kelele za watoto, ambazo alikuwa akizipenda, zinamtoa machozi. Mkuu wake wa kazi anamwambia, "Lakini hospitali si walisema huna kitu?" Mume wake, mtu mwema kabisa, naye anaanza kujiuliza. Mpaka yeye mwenyewe anaanza kujiuliza! Alipofanyiwa MRI, ikaonekana michirizi midogo ya damu kwenye nyuzi za mbele ya ubongo. Aliniambia neno ambalo sijalisahau: "Daktari, nimefurahi kuwa naumwa." Hakufurahia ugonjwa, jamani. Alifurahi kuaminiwa.

Mwaka 2025 wataalamu kutoka nchi 14 walipendekeza tuache kuyaita majeraha haya "dogo", "la kati" na "kubwa" kwa kutazama Glasgow peke yake. Wanataka tuweke pamoja hali ya mgonjwa, viashiria vya damu, picha, na mambo mengine ya maisha yake yanayogusa uponaji. Mimi naunga mkono. Neno "dogo" limewaumiza watu wengi kuliko tunavyokiri.

Sasa lile swali ambalo najua ndilo lililowaleta wengi wenu. Atapona?

Nitajibu kwa uangalifu, kwa sababu humu ndani kuna watu ambao jibu hili si somo kwao.

Mwaka 2022 mradi ule ule wa TRACK-TBI ulitoa matokeo ya watu karibu 1,700 waliopimwa GFAP na UCH-L1 siku ile ile ya kuumia, kisha wakafuatiliwa miezi sita. Walitaka kujua: namba ya siku ya kwanza inasema nini kuhusu mwezi wa sita? Kwa wagonjwa walioumia vibaya, ilisema mengi. Ilitenganisha vizuri waliokufa na waliopona, na waliobaki na ulemavu mkubwa na wasiokuwa nao. Lakini kwa lile swali la yule mwalimu wangu, "Nitarudi kuwa kama nilivyokuwa?", namba ilikuwa bora kidogo tu kuliko kurusha sarafu.

Mnaelewa uzito wa jambo hilo? Damu ya siku ya kwanza inajua kiasi cha kilichovunjika. Haijui utalala vipi, nani atakusaidia mazoezi, kama ulikuwa na sonona kabla, kama utarudi kazini mapema mno kwa sababu kodi ya nyumba haisubiri. Kupona kunatokea huko, siku ya arobaini, siku ya mia. Chupa ya damu ilishafungwa zamani.

Na hata kwa wagonjwa mahututi, ambako namba ina nguvu, tumewahi kujifunza kwa aibu. Hapa nitatoka kidogo kwenye ajali niingie kwenye moyo uliosimama, kwa sababu ndiko kipimo cha kubashiri kimetumika muda mrefu. Moyo ukisimama, ubongo unakosa hewa. Moyo ukirudishwa, mtu anaweza kubaki amelala, na familia inauliza: ataamka? Tulikuwa na NSE, protini ya seli za neva. Mwaka 2006 mwongozo wa Marekani ulisema ikizidi mikrogramu 33 kwa lita katika siku tatu za kwanza, matokeo ni mabaya. Namba nzuri, rahisi kukumbuka. Kisha tukaanza kuwapoza wagonjwa hawa miili, na watu wenye zaidi ya 33 wakaanza kuamka. Mwongozo wa Ulaya wa 2021 ulisema 60, ipimwe saa 48 au 72, na hata hivyo haitoshi peke yake: lazima iwepo angalau dalili nyingine mbaya, mboni zisizojibu mwanga kwa mfano, au mawimbi ya ubongo yaliyoharibika, na mgonjwa awe bado hajitambui baada ya saa 72.

Swali langu ni hili. Kati ya zama za 33 na zama za 60, ni wangapi tuliowazimia mashine? Na tulipowazimia, wakafa, tukaandika kwenye daftari: "NSE ilikuwa 45, mgonjwa alikufa." Tazama, kipimo kimebashiri sawa! Ni kama mtu anayetabiri kwamba mti utaanguka huku ameshika shoka.

Niliwahi kuwa na mgonjwa wa namna hiyo. NSE ilirudi 41. Mwenzangu mmoja alikwisha kuwaita ndugu kwenye kile chumba kidogo chenye viti na karatasi za kupangusia machozi, kila hospitali ina chumba kile. Simu ikalia. Alikuwa fundi wa maabara. Akasema, "Daktari, ile sampuli ya kitanda cha nne, maji yake yalikuwa mekundu." Kwa wasiojua: NSE imo pia ndani ya chembe nyekundu za damu. Sindano ikichomwa vibaya, au chupa ikitikiswa njiani, chembe zinapasuka, NSE yake inamwagika, na mashine inaihesabu kana kwamba imetoka kwenye ubongo. Tukachota tena, kwa utulivu, tukaibeba kama yai. Ikasoma 24. Siku ya sita mgonjwa alifumbua macho akaulizia miwani yake.

Sitaki mtoke hapa mkidhani kila namba mbaya ni chupa iliyotikiswa. Nimekuwa na wengine ambao namba ilikuwa mbaya, sampuli ilikuwa safi, mboni hazikujibu, na hawakuamka. Nimekaa kwenye kile chumba mara nyingi. Ninachosema ni kwamba yule fundi wa maabara, ambaye ndugu wa mgonjwa hawakuwahi kumwona sura, aliinua simu.

Niguse haraka mambo mengine yanayochanganya namba, kwa sababu mtakutana nayo. S100B hutoka pia kwenye mafuta ya mwili na mifupa, kwa hiyo aliyevunjika mbavu anaweza kuwa nayo juu na ubongo wake mzima. GFAP na NfL hupanda na umri. Bibi wa miaka themanini hawezi kupimwa kwa rula ya kijana wa ishirini. Figo zikiwa dhaifu NfL hupanda. Na kiharusi cha kuvuja damu hupandisha GFAP haraka sana, hata kama mtu hajajigonga popote. Watafiti wanajaribu kuitumia hiyo kutofautisha kiharusi cha damu kuvuja na cha mshipa kuziba, mgonjwa angali ndani ya gari la wagonjwa. Hilo lingetosha hotuba nyingine.

Mtaniuliza, sisi ndugu tufanye nini na haya yote? Sitawapa orodha ndefu. Mkimleta mtu aliyeumia kichwa, leteni na saa. Andikeni kwenye kiganja kama hamna karatasi: aliumia saa ngapi, alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi. Kama hamjui, semeni hamjui, msikisie, na msikubali mtu aandike saa ya kufika mlangoni. Mkiambiwa namba, ulizeni ilichotwa lini, na kama itapimwa tena, kwa sababu namba mbili zinazopanda au kushuka zinaongea kuliko moja iliyosimama. Mkiambiwa "picha safi", ulizeni nani atamwona tena, na baada ya siku ngapi. Na mkiona anauliza jambo moja mara tatu kwa maneno yale yale, mwambieni muuguzi. Yeye atajua la kunifanya.

Dakika arobaini zimepita, nimezidisha nne. Naona wauguzi wa zamu ya usiku kule nyuma wameanza kutazama saa. Tuanze maswali na wao.